Mwenye Kichuguu Ni Nani

Nilisikia mvua. Nilikuwa nimelala chali juu ya mkeka ndani ya kibanda cha nyasi, kitambaa usoni kuzuia nzi, na mvua ikaanza kwa mbali, matone machache makubwa, kisha mengi, kisha ile sauti moja nzito ambayo matone yake hayahesabiki tena. Nikakumbuka karanga. Mama alikuwa amezianika nje asubuhi, karanga za mbegu alizozichagua moja moja kwa vidole, na alikuwa ameniachia mimi nizilinde. Nikaruka, nikatoka mbio bila viatu.

Nje kulikuwa na jua. Hapakuwa na wingu hata dogo, wala upepo. Karanga zilikuwa zimetulia juu ya turubai, kavu, na kuku wa jirani alikuwa akizidonoa kama mtu aliyealikwa. Lakini mvua ilikuwa bado inanyesha. Niliisikia vizuri kabisa, ng'ambo ya mtama mchanga, upande wa kulikokuwa na shamba la babu. Nikatazama juu, nikanyoosha kiganja, nikakirudisha kikavu.

"Unakimbia nini?" mama akaniuliza. Alikuwa amekaa nyuma ya kibanda, anakaza mpini wa jembe kwa jiwe.

"Mvua."

"Mvua gani?"

"Hiyo."

Akaacha kugonga, akasikiliza. Uso wake ukafunguka, halafu ukajifunga.

"Wanaita kumbikumbi," akasema. "Wanapiga fimbo juu ya ardhi ili wadudu wadhani mvua imefika, watoke. Basi hata wewe umetoka, na mabawa huna."

Alicheka peke yake, akasimama kufunga kitambaa cha kichwa. Fundo likamshinda. Akafungua, akafunga tena, likafunguka tena. Ndipo nikaelewa kwamba siku yenyewe ilikuwa imefika, na kwamba kabla ya jua kuzama tungejua kama shamba lile ni letu au si letu.

Ilikuwa katikati ya miaka ile ya amani, mkataba umeshatiwa saini na kura ya kujitenga bado haijapigwa. Watu walikuwa wanarudi Juba kutoka Uganda, kutoka Kenya, kutoka Khartoum, kila familia na kitanda chake juu ya lori na lugha yake ya ukimbizini mdomoni. Sisi pia tulisemwa kwamba tumerudi. Mama kweli alirudi. Mimi nilizaliwa kambini Uganda, nikasoma huko mpaka kumaliza sekondari, na neno hilo kila nikilisikia nilitafuta mahali pa kuliweka nisipate. Ninarudije nisikowahi kuondoka?

Mjini tulikaa mtaa wa Hai Mauna, chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mjomba ndiye aliyekitafuta. Alikuwa dereva wa wazungu wa misaada kule Thongpiny, shati limepigwa pasi kila siku, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Lakini msimu wa kwanza wa mvua ulipoanza, mama alinichukua tukavuka daraja, tukaenda kukaa upande wa mashariki wa mto, kwenye kibanda tulichoazimwa na kanisa. Alitaka awe karibu na shamba la baba yake. Vita vilipokuja na familia ikakimbia, babu alikataa kuondoka. Alifia huko huko. Alikufa lini, kwa nini, alizikwa na nani, hakuna aliyetuambia.

Sasa shamba lilikuwa na mtu. Mwanamke, rika la mama, aliyefukuzwa na vita kutoka mbali zaidi mashariki, akafika hapo na watoto wake na kuanza kulima. Alikuwa amelilima kwa miaka mingi. Mama alilitaka ili apande. Mjomba alilitaka kwa sababu mji ulikuwa unavuka daraja kutufuata, na kila wiki alisikia hoteli nyingine inatafuta kiwanja. Hawakuwa wamekubaliana kuhusu hilo, lakini walikubaliana kwamba kwanza lipatikane.

Karatasi hazikuwapo, za kwetu wala za yule mama. Kulikuwa na kichuguu.

Kwetu, mpaka wa shamba ni kitu cha kuhamahama. Nyasi huliwa na moto wa kiangazi, miti hugeuka mkaa, njia hupinda kufuata kivuli. Kichuguu hakihami. Kila kikubwa kina mwenyewe, na mwenye kichuguu ndiye mwenye ardhi inayokizunguka. Siku kumbikumbi wanapotoka, yeye ndiye anayekifunika, anayechimba shimo, anayewaita majirani na kuwagawia kwa mkono wake. Ukipokea bakuli lake ukala, umeshasema: wewe mwenyeji, mimi mgeni. Kama unadai kwamba kichuguu ni chako, hubishani. Unapokea bakuli, unaliinamisha, chakula kinamwagika chini mbele ya watu wote, na hapo baba wa ardhi, mwamuzi wa mashamba ya eneo, analazimika kusikiliza madai yako. Na bakuli hilo hupewa mzaliwa wa kwanza wa nyumba inayodai, awe mwanamume au mwanamke. Mzaliwa wa kwanza alikuwa mama. Mjomba angetangulia kuzaliwa, mambo yangekwenda kwa njia nyingine, na mimi ningekuwa nakumbuka kitu kingine.

Mjomba alimfanyisha mama mazoezi. Jumapili iliyotangulia, baada ya ibada, alimkalisha kwenye gari la kazini akamhoji.

"Akikupa?"

"Napokea."

"Halafu?"

"Nainamisha."

"Mkono gani?"

"Wa kulia. Wewe ulidhani nitamwaga kwa mguu?"

"Usicheke, dada. Hata harufu usinuse. Nakujua na kumbikumbi."

Mama akacheka zaidi, na mimi nilicheka, kwa sababu kazi yenyewe ilionekana ndogo kiasi hicho.

Kitu kilichonichanganya kilianza siku chache baadaye. Jirani aliita nafir, ule ujima wa huku, ambapo watu wote wa eneo wanakwenda kupanda shamba la mmoja, naye anawapa pombe ya mtama na chakula. Nafir haikataliwi. Hata adui yako akiita unakwenda, kwa sababu mvua haingoji watu wapatane. Tukajipanga mstari mmoja mrefu, majembe mbele, karanga kwenye vitambaa viunoni. Na kulia kwa mama, mstari ule ule, bega kwa bega, akaja kusimama yule mama wa shamba la babu.

Nilidhani hawatasemezana. Hata shimo la kumi hatujafika, wakaanza.

"Wewe mama ya Uganda," yule mama akasema, kwa Kiswahili alichookota kwa wachuuzi wa sokoni. "Iko nachimba kaburi ama iko napanda karanga? Shimo refu hivi!"

"Nyinyi mnapanda juu juu," mama akamjibu. "Mnalisha kindi."

"Kindi yangu iko nanenepa. Kuja uone."

"Nitakuja. Nitakula kindi na karanga zake tumboni."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Waliendelea hivyo mpaka mwisho wa shamba, wakishindana nani atafika kwanza, wakapokezana kibuyu cha maji, mmoja akimfungulia mwenzake fundo la kitambaa. Nilikuwa nyuma yao nikifukia mashimo kwa mguu. Nilijiuliza kama nimekosea mtu. Jioni nikamwuliza mama.

"Si ndiye?"

"Ndiye."

"Mbona unacheka naye?"

Akafikiri. "Kazi ni kazi," akasema, na hilo halikunisaidia.

Basi sasa tulikuwa tunaifuata ile sauti ya mvua, mama mbele na mimi nyuma, kwenye njia nyembamba kati ya mtama. Gari la mjomba lilikuwa limeegeshwa tayari, nusu ndani ya nyasi. Watu walikuwa wamekizunguka kichuguu. Kilikuwa kikubwa kuliko nilivyofikiri, chekundu, kimenizidi urefu, na nusu yake ilikuwa imefunikwa kwa mablanketi na turubai la msaada, kumeachwa tundu moja la mwanga karibu na shimo lililotandikwa majani. Wanawake na wasichana walikaa chini, kila mmoja na fimbo mbili, wakipiga ubao, wakipiga vibuyu vikavu, wakipiga udongo wenyewe. Kwa karibu hivyo haikuwa mvua tena. Ilikuwa mikono. Lakini nilipofumba macho ilikuwa mvua.

Baba wa ardhi alikuwa amekaa juu ya dumu. Nilikuwa nimemtarajia mtu wa mvi. Alikuwa mwanamume wa kama miaka arobaini, amerithi kazi hiyo kwa mjomba wake, amevaa mabuti ya mpira kwenye jua lile, na redio ndogo ikining'inia shingoni kwa kamba. Ilikuwa inatangaza mpira.

Yule mama alikuwa amechuchumaa mdomoni pa tundu. Kwanza akatoka kumbikumbi mmoja, akatembea kama aliyesahau alichofuata. Wakafuata wengine, kisha wakaja wote, wanang'aa, wanapandana, wanaangukia shimoni kwa sauti ya karatasi. Watu wakashangilia. Yeye akachota ukufi wa kwanza. Akakipa mgongo kichuguu, akautupa ukufi ule nyuma, juu ya bega lake la kushoto, kuelekea kwenye mawe yaliyobaki ya nyumba ya zamani, akasema maneno mawili kwa lugha yetu, akiyavunja vibaya: mzee, kula.

Mama akasimama wima.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Mwenyewe. Huyo mzee." Yule mama aliendelea kuchota, hakuinua uso. "Mimi nafika hapa, yeye iko nakaa hapa hapa, karibu na kichuguu. Macho imekufa. Mimi napika, yeye nakula. Mimi nalima, yeye nasema, hapana hapo, panda hapa. Hii kichuguu ananifundisha yeye. Kufa, yeye nakufa wakati ya kuvuna. Yeye nalala pale." Akaonyesha kwa kidevu kati ya mawe mawili. Mtama ulikuwa umepandwa pande zote, lakini hapo palikuwa patupu, pamefagiliwa.

Fimbo ziliacha kupiga, moja moja.

Mjomba akacheka. "Hii Juba," akasema, "kila aliyekaa kwenye kiwanja cha mtu amemzika baba wa mtu. Nenda Hai Cinema, nenda wapi, uliza. Wote ni wazikaji."

Wengine walicheka. Mama hakucheka.

"Alikuwa akirusha," akasema. "Ukufi wa kwanza. Bega la kushoto."

"Nani? Baba?" Mjomba alimgeukia. "Baba alikuwa mlokole, dada. Hakurusha chakula nyuma hata siku moja. Aliomba, akasema amina, akala."

"Alirusha kila mwaka."

"Mimi nilikuwa hapo."

"Ulikuwa mdogo."

"Na wewe ulikuwa umeshaolewa! Na macho? Baba alikuwa kipofu?"

"Tulipoondoka, hakuwa."

"Haya. Hakuwa."

Niliwatazama. Walikuwa na paji moja la uso, pua moja, namna moja ya kuuma mdomo wa chini, na walikuwa wanazungumza juu ya wazee wawili. Mmoja alisali, mwingine alirusha chakula kwa wafu. Mimi wa kwangu sikuwa naye. Nilikuwa nikimjenga babu tangu utotoni kwa vipande walivyonipa hawa wawili, na sasa vipande vilikuwa vinakataana mbele yangu, nami sikujua nitupe kipi.

Baba wa ardhi akapunguza sauti ya redio. "Hii si kesi ya marehemu," akasema. "Bakuli."

Yule mama tayari alikuwa na moto. Akawamwaga kumbikumbi kwenye kikaango bila mafuta, kwa kuwa mafuta wanayo wao wenyewe. Wakaruka, wakatulia, wakanukia. Akawapeta kwenye ungo, mabawa yakapeperuka na kutushika nyweleni. Akatia chumvi, akaonja, akatia nyingine. Akamimina kwenye nusu ya kibuyu, akaja nacho kwa mikono miwili mpaka mbele ya mama. Kope zake zilikuwa na majivu. Nikaona kwamba anaogopa. Watoto wake walikuwa nyuma yake, mkubwa amemshika mdogo kola ya shati asisogee.

"Mama ya Uganda," akasema, "kula. Ama iko naogopa chumvi yangu?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mama akapokea. Niliangalia mkono wake wa kulia, kwa sababu nilijua ndio utakaofanya. Ukaanza. Kibuyu kikainama kidogo, kumbikumbi wachache wakaanguka kwenye vumbi karibu na miguu yake, na mjomba akavuta pumzi kwa nguvu mpaka nikamsikia. Kisha kibuyu kikasimama. Kikarudi wima. Mama akatia vidole vitatu ndani, akapeleka mdomoni, akatafuna.

"Dada!"

Akatafuna polepole, macho yake kwenye yale mawe mawili, akameza, akachota tena. Halafu akanigeukia, akaninyooshea kibuyu.

"Kula."

Nilichukua. Sikujua mdomo wangu uko upande wa nani. Niliwashika kiganjani, moto, wa mafuta, nikabaki nimewashika mpaka wakapoa.

"Khalas," baba wa ardhi akasema, akisimama kutoka kwenye dumu. "Shamba ni la mwenye kichuguu. Yamekwisha." Akampa yule mama mfuko wa plastiki amtilie fungu la nyumbani kwake, akaipandisha redio sauti.

Nilitarajia yule mama apige vigelegele. Alikaa chini karibu na moto, akaanza kufuta kikaango. Kisha akamwita mama.

"Jumatatu iko palizi ya mtama. Naita nafir. Utakuja?"

"Nitakuja," mama akasema.

Mjomba alitupakia na vitu vyetu vyote, akaturudisha mjini. Darajani alizungumza peke yake: hoteli, ukuta wa matofali, vyumba vya kupangisha, chuo ambacho ningesoma. Alikuwa haonyeshi hasira. Alikuwa kama mtu anayeeleza nyumba iliyoungua, ilikuwa hapa, hapa palikuwa na dirisha. Tulipofika chumbani Hai Mauna ndipo akakaa kitandani na kuuliza.

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

"Amekuloga?"

"Hapana."

"Unamwamini? Unaamini kwamba yule ndiye baba?"

Mama alikuwa anasonga ugali. "Sijui," akasema.

"Basi kwa nini? Niambie kitu kimoja tu, dada, nikalale. Kwa nini?"

"Chumvi ilikuwa sawasawa," akasema mama.

Mjomba akanigeukia. "Wewe uliyesoma. Nieleze."

Sikuweza. Nimejaribu tangu siku ile, na kila nikipata sababu, inasimama vizuri mpaka niiweke karibu na uso wake alivyokuwa akitafuna. Huenda alimwamini yule mama. Huenda hakumwamini hata kidogo, lakini alijua mdogo wake atauza, akaona heri shamba libaki chini ya jembe la mtu yeyote. Huenda aliwaona wale watoto, mmoja amemshika mwingine kola, akatukumbuka sisi juu ya lori tukirudi. Huenda ilikuwa harufu tu, alivyosema mjomba, miaka yote ile ya ukimbizini akinunua kumbikumbi kwa kikombe kwa watu waliokuwa na vichuguu vyao. Nilimwuliza mama Jumapili, tukitoka kanisani. Akaniambia nitembee upesi, jua kali.

Jumatatu asubuhi mjomba alikuja kabla ya kwenda kazini, akaliacha gari linanguruma nje. Mama alikuwa ameshavaa gauni lake la shamba. Jembe liliegemea ukuta, na juu ya meza kulikuwa na mihogo iliyochemshwa, imefungwa kwenye kitambaa.

"Huendi," mjomba akasema.

"Nimeitwa."

"Kwenda kuwa kibarua kwenye shamba la baba yako mwenyewe. Watu watasema nini?"

"Si kibarua. Ni nafir."

"Ya nani? Sema. Nafir ya nani?"

"Ya mwenye kichuguu."

Alisema hivyo bila ukali, kama anavyotaja siku ya wiki. Mjomba akafumba macho. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri sana asubuhi ile, mikunjo ya mikono imenyooka, na sijui kwa nini hilo ndilo lililonitia huruma.

"Ukitoka na jembe hilo," akasema taratibu, "mimi sitavuka daraja tena kwa ajili yako. Nakuapia, dada."

"Sawa," mama akasema. Akaweka jembe begani. Akachukua mihogo. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Unakuja?"

Mjomba naye alinitazama. Nilikigeuza kile kiatu mkononi. Nje, kwenye karakana, mtu aliwasha mashine ya kuchomelea, mwanga wa buluu ukapita chini ya dari na kutoweka, ukapita tena. Mama alingoja. Alingoja muda mrefu zaidi kuliko alivyowahi kunisubiri kwa jambo lolote, bila kuhimiza, bila kukunja uso. Halafu akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemjibu, akatoka, na kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa, akauvuta mlango kwa mguu, ukajifunga nyuma yake.